Foromani Aliyekaza Kila Msumari

Katika miaka yote niliyomfahamu, Foromani hakuwahi kukosea. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, na aliniambia mara nyingi ili nisije nikasahau. Mlango ukigoma kufunga, basi mlango ulikuwa na kiburi. Rangi ikibambuka, kiwandani walichanganya vibaya. Kigae kikipasuka, kuna mtu alikikanyaga kwa unyayo mzito, na hapo macho yake yalikuwa yananishukia mimi, niliyebeba sinia la chai yake.

Mimi ni mtumishi wa nyumba moja ya Mirdif, Dubai. Nimeajiriwa kupika, kufua, kupiga pasi na kutoshangaa. Mwajiri wangu, Madam, ni mwanamke mkarimu mwenye ugonjwa mmoja tu: nyumba yake haijawahi kuisha kujengwa. Kila joto likipungua hukumbuka kitu. Mwaka huu ngazi, mwaka ujao baraza, mwaka unaofuata ile ngazi tena. Kwa hiyo kila majira ya baridi gari la kampuni lilikuwa linasimama getini, na wa kwanza kushuka alikuwa Foromani, mzee wa Kitanzania mwenye mabega ya mbuyu na miguu ya korongo, na helmeti nyeupe kichwani. Helmeti ile hakuivua hata akiwa amekaa bustanini, mahali ambapo kitu pekee kingeweza kumwangukia ni jani.

Kwao hasa wapi, sijui, na wala sitahangaika. Alikuwa mtu wa Tanga akijisifu, mtu wa Lindi akiwa na huzuni, na Mzanzibari akisikia wenye nyumba wanakuja. Jina lake lilikuwepo kwenye kitambulisho, lakini hakuna aliyelitumia. Hata Madam alikuwa anaita "Foromani!" kutoka dirishani, naye anaitikia kwa sauti ya mtu aliyeitwa "Mheshimiwa".

Alikuwa na misemo yake. Mtu akichelewa alimwambia, "Jua la Dubai halimsubiri mpiga mswaki." Akiletewa chai isiyo na tangawizi aliitazama kwa huruma na kusema, "Maji ya moto haya, mwanangu, mimi naoga asubuhi." Msemo wake mkubwa, aliokuwa anausema huku ameinua nyundo, ulikuwa huu: "Msumari usiokazwa ni mgeni, kesho anaondoka." Nilidhani ni methali ya wahenga mpaka nilipogundua kwamba wahenga ni yeye.

Msemo huo ulitoka kwenye mabati. Kabla ya kuja Uarabuni, Foromani alikuwa fundi wa kuezeka, na kila aliyewahi kuishi chini ya bati anajua masharti yake. Msumari wa bati una kofia pana kama mwavuli, na hupigwa mpaka kofia ile ilibusu bati, kwa sababu ukiuacha umelegea mvua itaingia hapo hapo, na upepo wa masika utaliondoa bati lako ulipeleke kwa jirani. Kwetu fundi hupimwa kwa hilo. Mwenye nyumba husimama chini akasikiliza mlio: pa, pa, pa, halafu ule wa mwisho mzito, na hapo hutikisa kichwa kwa kuridhika. Foromani aliishi kwa ule mlio wa mwisho.

Jambo ambalo hakulitangaza ni kwamba fundi huyu wa mapaa alikuwa anaogopa ngazi. Akifika kidato cha tatu, dua zilianza kumtoka, na si dua fupi. Nilimwuliza siku moja ameezekaje nyumba zote hizo anazozitaja.

"Nilikuwa kijana," akajibu.

"Na vijana hawaogopi?"

"Vijana hawajui wanachokiogopa. Kaongeze sukari."

Kazi ya juu alimwachia fundi seremala wake, Mganda mmoja mpole ambaye sote tulimwita Ssebo kwa sababu hilo ndilo neno alilomwamkia nalo kila mtu, hata paka. Foromani alimkaripia Ssebo asubuhi hadi adhuhuri, na adhuhuri akamgawia nusu ya samaki wake. Alimsema kwamba hajui kushika msumeno, kisha akitokea mwingine akamsema hivyo hivyo, Foromani alimgeukia huyo mwingine na helmeti yake yote. Kwa ukali wake ungedhani hampendi mtu, lakini nilipougua homa, dawa ya kwanza iliyofika jikoni kwangu ilitoka kwake, imefungwa kwenye mfuko wa misumari. Alinipa pamoja na hotuba kuhusu wasichana wanaolala mahali pabaya.

Na hapo alisema kweli, kwa bahati. Nilikuwa nalala chumba cha kufulia. Godoro langu lilikaa kati ya mashine ya kufua na ukuta, na nguo za shule za watoto wa Madam zikizunguka mpaka saa sita usiku, godoro lilitetemeka nami nikitetemeka nalo. Hapakuwa na dirisha. Nilikuwa nimezoea, au nilijiambia hivyo, maana mtu akishasema amezoea hawamsumbui tena kwa maswali.

Ndipo Madam akaugua ugonjwa wake kwa namna mpya. Aliona kwenye simu nyumba za Wamarekani zilizovalishwa vibao virefu vya plastiki, kimoja juu ya kingine, rangi ya krimu, safi kama keki. Mafundi wanaviita saidingi. Akaamua ajengewe kibanda cha mbao pembeni mwa bustani, kivalishwe saidingi, kionekane vizuri kutoka sebule ya wageni. Kisha akaniita.

"Kile chumba, wewe utakaa," akasema. "Dirisha, AC, kila kitu. Lakini lazima kiwe kizuri, ha? Dada zangu watakiona. Kikiwa kibaya, khalas, navunja, naweka jiko la nje."

Nilisema "Asante, Madam" kwa adabu, nikaenda chumba cha kufulia, nikakaa kwenye godoro nikacheka peke yangu. Nilikuwa sijawahi kulala kwenye chumba changu tangu nizaliwe. Nyumbani tulilala mabinti wanne, na Dubai nililala na mashine.

Hivyo wakati Foromani alipokwenda Naif, mtaa wa maduka, kununua misumari, nilikwenda naye. Madam alinituma kuchagua rangi, lakini mimi nilikwenda kama mwenye nyumba. Naif kuna kila kitu na kila mtu anakiuza. Duka tuliloingia lilijaa vyuma mpaka darini, na nyuma ya meza alikuwa muuzaji wa Kihindi mwenye subira kubwa, ambayo ilikuwa karibu kuisha.

Foromani alikuwa anachagua misumari kama mama mkwe anavyochagua nyanya. Aliimimina mkononi, akauzungusha mmoja, akauonja kwa ncha ya ulimi, akaugonga mezani asikilize. Muuzaji alimwekea boksi la misumari myembamba, imepakwa zinki isishike kutu, yenye kichwa kipana kilicholala bapa.

"Hii ndiyo ya saidingi, bhai," akasema. "Weka katikati ya kitundu. Usikaze. Acha nafasi kidogo, kama unene wa sarafu. Plastiki inatembea."

"Inatembea kwenda wapi?" akauliza Foromani.

"Joto, bhai. Inarefuka. Baridi, inarudi."

Foromani alinigeukia ili nishuhudie maajabu. "Umesikia, mwanangu? Ukuta unatembea. Mimi nimepiga bati kabla huyu hajaota meno, leo ananifundisha kulegeza msumari." Akalisukuma boksi lile kwa kidole. "Hii ni misumari ya kutundikia kalenda. Nipe ya mabati."

Nami nilikuwa pale, mtu niliyekuwa na chumba kizima rohoni, nikatikisa kichwa kukubaliana naye. Nani angekwenda kinyume na mlio wa mwisho? Tuliondoka na misumari minene ya kofia ya mwavuli, na Foromani akaibeba mwenyewe kwa furaha.

Kibanda kiliposimama, akaipiga mwezi wa kwanza, kukiwa na ubaridi mzuri. Vibao vile vina ukanda juu wenye vitundu virefu vilivyolala, na msumari hupita humo, kisha kibao kinachofuata hushika juu na kuuficha. Foromani alipiga kila msumari wa chini pale ulipomwangukia mkono, pembeni mwa kitundu au katikati, na kila mmoja akaukaza mpaka kofia ikadidimia kwenye plastiki. Ssebo, aliyekuwa ngazini akipiga ya juu kwa amri hiyo hiyo, alijaribu kusema kitu. Foromani akamwambia, "Ssebo, wewe piga, mimi nifikiri." Ukuta ukatoka umenyooka kama sare ya askari. Madam alipiga picha. Foromani alisimama pembeni ya picha, na helmeti.

Nikahamia. Nilitundika pazia la maua, nikaweka picha ya mama yangu dirishani, nikalala bila kutetemeka.

Joto linaingia Dubai kama mgeni asiyebisha hodi. Mwezi wa tano, saa za mchana, nilisikia ukuta wangu unalia: tak! Kisha kimya. Kisha tak! tena, mahali pengine. Nilitoka nje na kitambaa cha vyombo mkononi. Kibao kimoja kilikuwa kimetokeza tumbo. Baada ya wiki chache matumbo yalikuwa ukuta mzima, mawimbi juu hadi chini, kana kwamba nyumba imekula harusi tatu. Plastiki ilikuwa imetaka kurefuka, kama yule muuzaji alivyosema, na Foromani alikuwa ameifunga kila upande isipate pa kwenda.

Dada zake Madam walikuja. Mmoja alicheka, mwingine akauliza kwa upole kama ndivyo Wamarekani wanavyozipenda. Walipoondoka, Madam alikuja jikoni, na najua hakufurahia kuniambia.

"Pole, habibti. Nimempigia simu bosi wao. Kikivunjwa, utarudi ndani."

Ndani maana yake ni kwa mashine. Nilisema "Sawa, Madam," nikaendelea kumenya vitunguu, maana vitunguu vina heshima yake siku kama hizo. Nilikuwa na hasira na Foromani kuliko niliyowahi kuwa nayo kwa mtu yeyote. Nilijitayarishia maneno. Nilikuwa nayo mengi, ya Kiswahili cha bara na cha pwani, na mengine niliyaazima kutoka Kenya.

Wakaja asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali: arbab mwenye kampuni na gari lake kubwa, Ssebo, na Foromani. Nikatoka na sinia la chai, isiyo na tangawizi, makusudi. Arbab aliutazama ukuta kwa sekunde chache akasema, "Vibao vibovu. Hali ya hewa hii havifai. Vunja yote, tutamwekea Madam jiko la nje." Aliwaza jiko kwa furaha, ungemwona. Foromani aliisogelea kona, akafungua kibao kimoja, na katika kile cha chini yake akachomoa msumari mmoja kwa nyundo, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kibao kikajilaza chenyewe. Tumbo likapotea mbele ya macho yetu. Foromani akaweka kiganja juu yake, akakisukuma kushoto na kulia, kikatembea. Akakaa hivyo muda mrefu kwa mtu asiyewahi kukosea, huku chai ikipoa.

Kisha akamfuata arbab getini. Waliongea huko, mbali na mimi, na niliona arbab akirusha mikono. Foromani aliporudi nilikuwa nimemsubiri na maneno yangu yote.

"Umemwambiaje?" nikauliza.

"Nimemwambia hali ya hewa hii inataka ufundi wa pili," akasema, kifua mbele. "Wa kwanza ulikuwa wa baridi."

Ufundi wa baridi! Niliondoka na sinia ili nisimmwagie. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliziba kila ufa, na ukuta akaujenga mara mbili.

Lakini aliujenga. Wakaja kila asubuhi na kuondoka kabla ya jua la mchana, ambalo hata sheria inakataza kufanya kazi chini yake. Walivua vibao kuanzia juu kushuka. Vilivyopinda kabisa vikaletwa vingine. Foromani alirudi Naif mwenyewe, na aliyemuuzia sijui alimwambia nini, lakini alikuja na boksi la misumari ile ya kutundikia kalenda. Alipanda ngazi pia, hadi kidato cha juu, dua zikimtoka kama mfereji. Kila msumari aliuweka katikati ya kitundu, akaupiga umenyooka, na kila alipofika karibu na mwisho mkono wake ulitaka kuongeza pigo moja. Ungeuona unavyotaka. Alikuwa anaurudisha kwa nguvu, kisha anakishika kibao na kukisukuma huku na huku, na kikitembea anahamia wa pili. Ule mlio wake wa mwisho haukusikika siku zile zote.

"Umenyamaza leo," nikamwambia, bado nina hasira.

"Nasikiliza," akasema.

Joto la mwezi wa saba likapita, la mwezi wa nane likapita. Ukuta ulirefuka na kurudi bila kusema kitu. Madam akapiga picha nyingine. Baridi iliyofuata akakumbuka ngazi tena, gari la kampuni likaja, na aliyeshuka na helmeti nyeupe alikuwa kijana wa Kikenya mwenye simu mbili. "Yule mzee wako yuko saiti nyingine, madam," akaniambia, akidhani mimi ndiye mwenye nyumba, na nikamwacha adhani hivyo kwa muda. Nilijisemea kwamba Foromani amepandishwa cheo, maana watu wa aina yake hupanda kila wanapoharibu.

Miaka ikapita bila kumwona. Kila majira ya joto nilikuwa naugusa ule ukuta mchana nikiwa natoka jikoni, nikikumbuka maneno niliyomwandalia, na baadhi yake bado yalikuwa mazuri.

Mwaka huu Madam alinituma mtaa wa Al Muraqqabat kununua kuku wa barafu na vitu vingine vya futari. Nikiwa nimeshanunua, mbele ya hoteli moja ndogo inayokarabatiwa, basi la kampuni lilikuwa limesimama, na wafanyakazi walikuwa wanashusha mbao. Mmoja alikuwa mzee, ameelemewa na mzigo, na kijana mmoja alikuwa anampigia makofi ya kumharakisha: "Yalla, mzee, yalla! Tutalala hapa?" Nilimjua kwa miguu yake ya korongo.

"Shikamoo, Foromani!" nikaita.

Aligeuka akacheka, ila wenzake walicheka zaidi. "Foromani nani tena?" mmoja akauliza. Ssebo alitoka nyuma ya basi, amepata mvi, akaniamkia kwa neno lake. Nilimwuliza kwa sauti ya chini kuna nini hapa.

"Hukujua, dada? Yuko hivi tangu ile nyumba yenu ya Mirdif." Akatua mbao zake chini. "Arbab alitaka kusema ni vibao vibovu, avunje, auze jiko. Mzee akamwambia pale getini, vibao ni vizima, misumari ndiyo mibaya, na misumari ni mimi. Kwa hiyo kampuni ikarudia kazi bure. Arbab akamvua uforomani siku ile ile. Mzee alimaliza ukuta wako akiwa kibarua kama mimi."

"Ssebo, piga kazi," Foromani akasema kutoka kule. "Umbeya hauna mshahara."

Nilikwenda kusimama mbele yake. Maneno yangu yote ya miaka ile yalikuwepo, lakini hata moja halikufaa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Nikuambie nini? Kwamba mzee mzima amezidiwa na muuza misumari?" Akapangusa jasho. "Ulikuwa na hasira. Hasira ilikuwa haki yako, mwanangu, nikuachie angalau hiyo."

"Asante," nikasema. Nikalirudia kwa sauti, mbele ya wale vijana waliocheka, na mbele ya yule wa yalla. "Asante, baba."

Akatazama viatu vyake, kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Bado unalala humo?"

Nikafungua pochi, nikatoa ufunguo wa chumba changu, nikamwekea kiganjani. Aliushika, akaugeuza upande huu na upande ule, hakuuonja wala hakuugonga popote. Akanirudishia. Yule kijana akapiga makofi tena, na mzee akainama kuchukua ubao mwingine. Mimi nikabaki pale kando ya barabara nikilia, na kuku wa Madam wakiyeyuka barafu mfukoni.